Simu ya nje ikifika Dodoma: uiache na romu yake, uweke rasmi ya kimataifa, au romu huru?

"Fundi, niwekee Kiswahili." Ombi hilo nalisikia karibu kila siku kwenye meza yangu hapa Sabasaba, na mara nyingi simu inayokuja nalo haikutengenezwa kwa soko letu. Imenunuliwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ikapandishwa treni ya SGR kuja huku, au imetumwa na ndugu aliyeko Guangzhou, Seoul au Marekani. Inawaka, inapendeza, na bei yake ilikuwa nafuu. Shida ni kwamba inazungumza lugha ya kwao.

Mzee mmoja wa Chamwino alikuja na Redmi aliyotumiwa na mwanawe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii simu inanitolea vijitivijiti vya Kichina. Kijana wangu kasema ukiiflashi inapona."

Nikamuuliza anaitumia kwa kazi gani. Anapiga, anapokea picha za wajukuu kwa WhatsApp, na anatuma pesa, basi. Nilibadili menyu kuwa Kiingereza, nikaweka kibodi ya Gboard ya Kiswahili, WhatsApp nikaigeuza kuwa Kiswahili, kisha nikaipa ruhusa ya kufanya kazi hata skrini ikiwa imezimwa. Ilichukua kama dakika ishirini, na romu sikuigusa. Angekuja mwanafunzi wa UDOM na simu ileile, pengine ningemshauri vingine kabisa.

Kwa hiyo sitakwambia mapema njia ipi ni bora. Nitaweka tatu mezani: kuiacha simu na romu iliyokuja nayo na kuirekebisha kwa juu, kuiwekea romu rasmi ya kampuni ileile ya eneo lingine, na kuiwekea romu huru, isiyo ya kampuni ya simu, kama LineageOS. Kwa wasiozoea neno hili, romu ni ile programu nzima inayoendesha simu, ambayo wengine huiita softiwea, na kuflashi ni kuibadili.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza ni lugha, nami naitenganisha mafungu matatu kwa sababu watu huyachanganya: lugha ya menyu za simu, lugha ya app moja moja, na lugha ya kuandikia. Unaweza kupata mafungu mawili ukakosa la tatu, na ukaishi vizuri tu.

Cha pili ni pesa, maana yake app ya benki na huduma za malipo. Cha tatu ni uwezekano wa simu kufa au picha kupotea. Cha nne ni bando na muda, kwa sababu faili la romu moja hufika GB kadhaa. Cha tano ni masasisho: je, baada ya kubadili simu itaendelea kupokea maboresho ya usalama, au ndiyo umeifungia hapo?

Ungetegemea pia nizungumzie dhamana. Kwa simu iliyotoka nje dhamana mara nyingi iliishia kaunta ya muuzaji, kwa hiyo siipi nafasi kubwa.

Yale ambayo hakuna romu itakayoyabadilisha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi za watu zinapotea bure.

Bendi za mtandao ni vifaa vya ndani ya simu. Mwezi Juni 2018 TCRA ilinadi masafa ya MHz 700, na leo 4G nchini inapita kwenye masafa ya 700, 800 na 1800 kutegemea mtandao na mahali. Masafa ya chini husafiri mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayomsaidia mtu wa Mpwapwa milimani au wa kijiji cha Bahi kilicho mbali na mnara. Simu nyingi za soko la China hazina bendi ya 20, yaani 800, na baadhi hazina bendi ya 28, yaani 700. Ukiwa Nyerere Square huwezi kugundua, maana minara iko karibu. Ukienda kijijini kusalimia wazazi, 4G inatoweka huku simu ya Tecno ya mdogo wako inapakua video. Watu huniletea simu kama hiyo wakidhani romu ya kimataifa itaongeza bendi. Haiongezi. Tafuta namba ya modeli kwenye mtandao, soma orodha ya bendi, ikiwezekana kabla hujalipa.

Simu iliyofungwa na mtandao wa nje ni suala jingine. Kama inakataa laini ya hapa kwa sababu iliuzwa kwa mkataba wa kampuni ya simu ya huko, kubadili romu hakufungui kufuli hilo.

IMEI, namba ya utambulisho wa simu, nayo. Bonyeza *#06#, uitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama simu inatambulika. Tangu usiku wa Juni 16, 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, kila mtu anajua umuhimu wake. Fundi akikwambia ataibadili IMEI "ikae sawa", ondoka. Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalihesabu hilo kuwa kosa la jinai, na simu utabaki nayo wewe, siyo yeye.

Wenye iPhone wanaweza kuishia hapa, kwani iPhone ya Japani, ya China na ya Marekani zinatumia iOS ileile, hakuna romu ya eneo ya kuweka. Tofauti zao ni za mwili: iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la laini, zinategemea eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Kabla ya kununua, pita duka la mtandao wako hapa mjini uulize kama watakuwekea eSIM.

Jambo la mwisho katika fungu hili linamfurahisha kila ninayemweleza. Menyu za *150*00# za M-Pesa, *150*60# za Airtel Money, *150*03# za CRDB au *150*66# za NMB hazitoki kwenye simu yako. Zinatoka kwenye mtandao, na Kiswahili chake kinakuja nazo. Simu inaweza kuwa ya Kichina chote, lakini "Weka namba ya siri" itaandikwa kwa Kiswahili. Kwa mtu ambaye simu ni ya kupiga na kutuma pesa, nusu ya tatizo la lugha imeshaisha kabla hajafika kwa fundi.

Njia ya kwanza: iache na romu yake, irekebishe kwa juu

*Lugha.* Romu ya Xiaomi ya soko la China ina Kichina, Kiingereza na lugha chache za ndani ya China. Kiswahili hakimo, na hakuna kitufe cha kukiongeza. Unachoweza ni kuweka menyu kwa Kiingereza na kuzigeuza app. Kuanzia Android 13, iliyotoka mwaka 2022, mfumo unaruhusu kila app kuwa na lugha yake, kama mtengenezaji wa simu hakukificha kipengele hicho. Kwa simu za zamani kuna app ndogo, MoreLocale 2, inayopewa ruhusa kupitia kompyuta kwa amri moja ya ADB, programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, ukishawasha Utatuzi wa USB kwenye mipangilio ya simu. Ukiiwekea Kiswahili cha Tanzania, app za Google na nyingine zenye Kiswahili zitabadilika, lakini menyu za mtengenezaji zitabaki Kiingereza kwa sababu maneno ya Kiswahili hayamo ndani ya romu hiyo. Huwezi kuchota maji kwenye kisima kisichochimbwa. Kwenye matoleo mapya ya Android ujanja huu wakati mwingine hugoma.

Kuandika ndiko kuna raha. Gboard ina Kiswahili, na tangu mwaka 2017 Google imeweka pia kuandika kwa sauti kwa Kiswahili. Mama wa Kondoa asiyependa kubonyezabonyeza anashika alama ya kipaza sauti na kuongea. Wakati mwingine inaandika maajabu, hasa akiingiza Kirangi katikati, ila ujumbe unafika.

*Pesa.* Hapa njia hii ndiyo salama kuliko zote. Simu haijafunguliwa, romu ni ya kampuni, app ya benki haina sababu ya kuitilia shaka. Cha kuhakikisha ni kwamba huduma za Google zimewashwa. Kwenye Xiaomi nyingi za China zimo tayari lakini zimezimwa ndani ya mipangilio; unaziwasha kisha unaweka Play Store. Kwenye Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 hali ni tofauti, na mwenye simu hiyo aanze kwa kuangalia kama app ya benki yake ipo kwenye duka la Huawei.

*Kuharibika.* Hakuna cha kuharibika.

*Bando na muda.* MB chache na chini ya saa moja.

*Masasisho.* Yanaendelea kuja kutoka kiwandani kama kawaida, kwa Kichina chao.

Malalamiko makubwa ya watumiaji wa romu za China wala hayahusu lugha. WhatsApp hailii mpaka uifungue! Romu hizo huua app zisizofahamika nyuma ya pazia ili kutunza chaji. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya app, kuruhusu ijiwashe yenyewe, na kuiondolea vizuizi vya betri. Watu wangapi wameflashiwa simu kwa kosa hili dogo, sijui, ila naamini ni wengi.

*Inamfaa* mtu anayejua Kiingereza cha menyu au ana wa kumsaidia mara moja, anayetegemea app ya benki, na asiye na muda wa kukaa bila simu. Pia inamfaa mwenye vivo, Oppo au Huawei ya China, kwa sababu hana jinsi. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda (kufuli linalolinda romu, nitalieleza mbele) katikati ya mwaka 2018, na nyingi za hizo nyingine nazo hazifunguki.

Njia ya pili: romu rasmi ya eneo lingine

Hapa nagawa kwa kampuni, maana Xiaomi na Samsung ni dunia mbili.

Kwa Xiaomi, simu ya China na ya kimataifa mara nyingi ni mapacha wenye majina tofauti. Redmi K40 ya China ni ileile iliyouzwa nje kwa jina la POCO F3, na jina lao la siri la kiwandani ni moja, alioth. Redmi Note 12 Turbo ni POCO F5, marble. Pacha akiwepo, romu yake ya kimataifa inaingia. Asipokuwepo, hakuna romu ya kimataifa ya simu hiyo, na yeyote anayekuuzia anakuuzia kitu kingine. Kwa hiyo swali la kwanza ni jina la siri. Bei ya fundi inafuata.

Kabla ya yote lazima butiloda ifunguliwe. Butiloda ni mlinzi wa mlango: simu ikiwashwa, yeye ndiye anakagua kama romu iliyomo ni ya kiwandani. Kumfungua kunahitaji akaunti ya Xiaomi iliyounganishwa na simu, kompyuta ya Windows, na subira. Zama za MIUI, romu ya zamani ya Xiaomi, kusubiri kulikuwa saa 168, wiki nzima. Tangu mrithi wake, HyperOS, alipoingia mwishoni mwa mwaka 2023, masharti yamekazwa, na kwa simu za China yamekazwa zaidi. Na siku mlango unapofunguliwa, kila kitu ndani ya simu kinafutwa: picha za harusi, ujumbe, namba za wateja. Huwezi kuchagua kisifutwe.

Kuna mtego mmoja nilioulipia mwenyewe. Programu ya kompyuta inayoweka romu ina vitufe vitatu chini: futa vyote, tunza data, na futa vyote kisha ufunge. Hicho cha tatu huwa kimechaguliwa tayari. Niliiwekea simu ya China ya shemeji yangu romu ya kimataifa bila kukitazama kitufe. Kazi ilikwisha vizuri, simu ikawaka na kuniambia toleo hili haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hiki. Nilikuwa nimeweka romu ya ugenini kisha nimemfungia mlinzi ndani; akaikataa. Niliweza kuifungua tena kwa sababu akaunti ilikuwa imeshaunganishwa, lakini shemeji alikaa siku nne bila simu, na dada yangu alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Simu ya China yenye romu ya kimataifa lazima ibaki imefunguliwa. Kumbuka hilo, maana ndilo linaloamua kigezo cha pesa.

Tena usirudi nyuma. Simu nyingi zina kinga dhidi ya kuwekewa romu ya zamani kuliko iliyomo, na ukivuka mpaka huo simu inaweza kufa kiasi cha kuhitaji akaunti maalumu ya mafundi walioidhinishwa kuifufua.

Samsung ni mpole zaidi. Huhitaji kufungua butiloda kuweka romu rasmi. Unatumia Odin, programu ya kuweka romu za Samsung, kwenye Windows, unajaza vipande vinne: BL, AP, CP na CSC. CSC ndiyo inayobeba eneo la simu. Ukiweka CSC ya kawaida simu inafutwa na inaweza kuchukua eneo jipya. Ukiweka HOME_CSC data inabaki na eneo halibadiliki. Romu ikiwa rasmi na ya modeli hiyohiyo, Knox, ulinzi wa ndani wa Samsung, haiguswi.

Mpaka wa Samsung uko kwenye herufi ya mwisho ya modeli. S23 Ultra, kwa mfano, ni SM-S918B kwa sehemu kubwa ya dunia, SM-S918N kwa Korea, SM-S918U kwa Marekani, SM-S9180 kwa China na Hong Kong. Romu ya B haiingii kwenye N. Kwa hiyo mwenye simu ya Korea anayetaka kuondokana na mlio wa kamera usiozimika, ule unaoaibisha ibadani, hawezi kuigeuza kuwa B. Ndani ya herufi moja ndipo unapoweza kutembea kutoka nchi hadi nchi. Angalia pia tarakimu ya tano kutoka mwisho wa jina la toleo: kama simu ina 3, romu yenye 2 haitakubali.

*Lugha.* Kwa Xiaomi hapa ndipo unapata ongezeko kubwa, kutoka lugha chache hadi makumi. Ila Kiswahili usikichukulie kuwa kimo. Tafuta mtu mwenye modeli na romu hiyohiyo, mfungulie orodha ya lugha, uone kwa macho. Samsung za nje nyingi zina orodha ndefu tangu mwanzo, kwa hiyo lugha peke yake ni sababu dhaifu ya kubadili.

*Pesa.* Samsung iliyobadilishwa kwa Odin haina neno. Xiaomi ya China yenye romu ya kimataifa ina butiloda iliyo wazi, na app za benki zinaweza kuuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity kama simu ni ya kuaminika. Jibu litakuwa hapana, na app inaweza kugoma kufunguka. Netflix nayo inaweza kushusha ubora wa picha. Utabaki na menyu za nyota na reli, ambazo hazijali butiloda.

*Kuharibika.* Ndogo kwa Samsung, ya kati kwa Xiaomi, kubwa kwa mwenye haraka. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ya mezani inazimika na simu inabaki nusunusu. Tumia kompyuta ya kubeba yenye betri nzima na waya wa USB usiolegea.

*Bando na muda.* Faili la Xiaomi huwa kati ya GB 4 na 8, la Samsung hufika hata 10. Bando la usiku, au Wi-Fi ya rafiki aliyeko chuoni. Kazi yenyewe ni saa moja. Kusubiri kibali cha Xiaomi ndiko kunakokula siku.

*Masasisho.* Samsung hupokea kama kawaida. Kwa Xiaomi iliyobadilishwa yanaweza kuja, lakini mimi huwashauri watu wasibonyeze mara moja. Wasubiri wenye simu kama yao wajaribu kwanza.

*Inamfaa* mwenye Samsung ya modeli sahihi anayekerwa na mipangilio ya nchi nyingine, na mwenye Xiaomi ya China anayetaka menyu za kawaida na ambaye benki yake anaiendesha kwa menyu za namba au kwa simu nyingine.

Njia ya tatu: romu huru

LineageOS ilianza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa. Imejengwa juu ya Android yenyewe, isiyo na mapambo ya mtengenezaji. Kwa hiyo *lugha* hapa ndiyo ushindi: Kiswahili kimo kwenye Android, na kwenye LineageOS menyu karibu zote zinazungumza Kiswahili, kuanzia "Mipangilio" hadi "Hali ya ndegeni". Kwa mtu anayetaka simu ya Kiswahili kweli, sijaona inayoikaribia, labda ununue Tecno, Infinix au itel ya hapahapa, ambazo zinakuja na Kiswahili kiwandani.

Bei yake iko kwingine. *Pesa*: butiloda iko wazi na romu siyo ya kampuni, kwa hiyo app za benki zina sababu mbili za kukataa. Kuna mbinu za kuzidanganya, na sizifundishi. Leo zinafanya kazi, kesho app imesasishwa na mteja amerudi mezani kwangu mshahara ukiwa umeshaingia. Kwenye Samsung, Knox inakatika moja kwa moja, hairudi hata ukirudisha romu ya kiwandani. *Kuharibika*: maelekezo yapo kwa kila simu inayotambuliwa, ila yafuate neno kwa neno. Kamera mara nyingi hupungua ubora. *Bando*: hapa unapona, romu yenyewe ni karibu GB 1 au 2 pamoja na huduma za Google, ambazo huwekwa kando. *Masasisho*: mazuri, wakati mwingine kwa simu ambazo kampuni iliziacha miaka iliyopita. Hakikisha tu simu yako ipo kwenye orodha yao rasmi. Romu ya LineageOS "isiyo rasmi" ya mtu asiyejulikana ni kumkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba.

*Inamfaa* mwanafunzi, mpenda kuchokonoa, na mwenye simu ya pili. Simu ya zamani iliyokaa kabatini inaweza kufufuka nayo ikawa ya bibi, yote kwa Kiswahili.

Ufanye mwenyewe au fundi?

Fupi tu. Kama umesoma hapo juu ukaelewa herufi ya modeli, jina la siri na kile kitufe cha tatu, unaweza. Kama sivyo, lipa fundi, lakini muulize maswali matatu kabla hujampa simu: anaweka romu ipi na ametoa wapi, butiloda itabaki wazi au imefungwa, na je, data itafutwa. Asiyejibu la pili bila kusitasita, mshukuru uondoke. Na ujue nywila ya akaunti yako ya Google, maana baada ya kufutwa simu itaiuliza, na fundi hawezi kuikumbuka kwa niaba yako.

Simu ikinunuliwa tayari ina lugha nyingi ilhali ni ya soko la China, shuku. Wauzaji wengine huweka romu iliyochezewa, yenye namba ya toleo isiyokuwepo kwa kampuni. Haipokei masasisho, na mara nyingine imebeba matangazo au wadudu wanaokula bando. Hiyo ndiyo hali pekee ambayo mimi mwenyewe humhimiza mteja abadili romu hata kama hajalalamika.

Kwa hali yako

Ni wakala wa pesa pale Majengo au mfanyakazi wa Mtumba, mshahara na malipo viko kwenye app: kaa na romu iliyokuja nayo, rekebisha app na kibodi. Kama ni Samsung, Odin na romu rasmi ya modeli yako hazitakudhuru.

Simu ni ya mzazi kijijini asiyejua Kiingereza: kabla ya kuflashi chochote, piga hesabu ya kuiuza hiyo ya China na kumnunulia ya soko la hapa. Bendi zitakuwa za hapa, Kiswahili kitakuwemo, na mjukuu wa jirani ataijua. Kama ni lazima abaki nayo, mwekee Gboard ya sauti na WhatsApp ya Kiswahili, na panga alama za app tano anazozitumia kwenye ukurasa wa kwanza.

Ni mwanafunzi mwenye Redmi ya China yenye pacha wa kimataifa, benki yako ni ya menyu za namba: njia ya pili, wikendi ambayo huna mtihani. Hamisha picha kwanza, butiloda uiache wazi.

Una simu ya pili iliyo kwenye orodha ya LineageOS, na unataka kuona simu inayokwambia "Betri imejaa" kwa Kiswahili: njia ya tatu, leo usiku bando likianza.

Una simu ya vivo au Huawei ya China na mtu amekuahidi kuigeuza kuwa ya kimataifa kwa nusu saa: muombe akuonyeshe nyingine aliyoigeuza, ikiwa inawaka, ukague mwenyewe. Mpaka atakapoileta, simu yako ikae mfukoni.